Bibi Beryl Markham, Rubani wa Kenya

Wasomaji wa gazeti letu, katika toleo hili napenda kuwasimulia maisha ya Bibi Beryl Markham, mwanamke aliyejifunza urubani Nairobi, akaruka juu ya nchi zetu za Afrika Mashariki wakati viwanja vya ndege vilipokuwa vichache mno, kisha akavuka bahari kuu ya Atlantiki peke yake bila simu ya upepo, yaani bila redio. Nitaeleza pia vyombo vya redio ambavyo marubani walivipata baadaye ili wasipotee njia, maana mtu hawezi kuyapima aliyoyatenda bibi huyu kama hajui alikosa nini. Sisi wa Nyabibuye tunakaa katika vilima vya Buha, ambako wakati wa mvua wingu hulala juu ya migongo ya milima hata huoni ng'ambo ya bonde. Naamini tutalifahamu jambo hili upesi.

Beryl alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, Uingereza. Baba yake, Bwana Charles Clutterbuck, alikuwa mfunza farasi. Beryl alipokuwa mtoto mdogo wazazi wake walimleta katika nchi iliyoitwa wakati ule British East Africa, ndiyo Kenya ya leo, wakafanya shamba huko Njoro, karibu na Bonde la Ufa. Mama yake hakuyaweza maisha ya huku, akarudi Uingereza pamoja na mtoto wa kiume, na Beryl akabaki na baba. Basi akakua pamoja na watoto wa Kiafrika waliokaa shambani. Akajifunza Kiswahili na lugha ya Kinandi, akajifunza kutupa mkuki, tena akafuatana na wawindaji porini. Rafiki yake mmoja wa utotoni aliitwa Kibii, na alipokuwa mtu mzima akajulikana kwa jina la arap Ruta. Jina hilo nawaomba mlishike, maana tutalirudia.

Ukame ulipolipiga shamba, baba yake alifilisika, akaenda kutafuta kazi Peru, katika Amerika ya Kusini. Beryl alikuwa msichana wa karibu miaka kumi na minane. Hakumfuata. Alibaki Kenya, akapata leseni ya kufunza farasi wa mashindano, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mwanamke huko kabla yake. Mwaka 1926 farasi wake aliyeitwa Wise Child alishinda mbio kubwa ya St Leger katika Nairobi. Kazi ile ilimfundisha kuangalia mambo madogo madogo kila siku: mguu uliovimba kidogo, chakula kilichoachwa, pumzi iliyobadilika.

Urubani alifundishwa na Bwana Tom Campbell Black, rubani hodari aliyefanya kazi Nairobi. Mwanzo wa elimu hiyo ulikuwa wa majonzi. Tarehe 14 Mei 1931 rafiki yake, Bwana Denys Finch Hatton, aliruka kutoka kiwanja cha Voi katika eropleni yake ndogo, ikaanguka na kuwaka moto, wakafa yeye na mtumishi wake Kamau. Wengine wangaliacha kujifunza siku ile. Beryl aliendelea, na mwaka uleule akapata leseni yake ya kwanza. Mwaka 1932 aliruka peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza katika ndege ya aina ya Avro Avian. Mwaka 1933 akapata leseni ya biashara, iliyomruhusu kuchukua abiria na mizigo kwa malipo. Tangu hapo alipeleka barua, dawa na vyakula kwa watu waliokaa mbali, akachukua wagonjwa, akawatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani.

Je, alijuaje njia? Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Alikuwa na dira, saa, ramani, na macho yake. Mwaka 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kuleta barua kutoka London hadi Mwanza, lakini nje ya njia hiyo kubwa rubani alijitegemea mwenyewe. Palipokuwa na reli alifuata reli, palipokuwa na mto alifuata mto. Pasipokuwa na kitu alifanya hesabu: nashika uelekeo fulani, kwa mwendo fulani, kwa dakika kadhaa, basi sasa niko mahali fulani. Hii naiita hesabu ya dira na saa.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ina mwizi wake, naye ni upepo. Natoa mfano wa nchi yetu. Kutoka Kigoma hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 350. Ndege iendayo kilomita 175 kwa saa itachukua saa mbili. Tuseme upepo unavuma kutoka kusini, kilomita 20 tu kwa saa, na rubani hajui. Dira yake inaonyesha vema, saa inaonyesha vema, wala hajakosea kitu. Lakini baada ya saa mbili atakuwa kilomita 40 kaskazini ya Tabora, juu ya miombo isiyo na alama, na hesabu yake inamwambia kwamba mji uko chini yake. Mchana mweupe ataitafuta reli. Je, penye wingu zito, au usiku?

Turudi kwa arap Ruta. Beryl alipoingia katika kazi ya ndege, rafiki yake huyo aliingia naye. Aliitunza ndege ikiwa chini, akaifuta, akaitayarisha kwa safari, akamngojea arudi. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliponiona nikiandika habari hizi aliniuliza kwa nini niwasifu walowezi. Swali lake ni la haki. Watoto wawili walikua pamoja, wakakimbia pamoja porini, lakini walipokuwa watu wazima mmoja alishika usukani na mwingine alishika kitambaa cha kufutia. Sababu yake haikuwa akili wala moyo. Ilikuwa taratibu ya ukoloni, iliyompa huyu mlango na kumfungia yule. Naeleza maisha ya Bibi Markham kwa kuwa yana mafunzo, lakini sitaki msomaji amsahau aliyebaki kiwanjani.

Sasa nifike katika safari yake kubwa. Mwaka 1936 Bwana John Carberry, tajiri wa Kenya, alimwazima ndege mpya ya Percival Vega Gull yenye injini moja, jina lake The Messenger. Kusudi lilikuwa kuvuka Atlantiki kutoka Uingereza hadi New York bila kutua. Kuvuka kutoka mashariki kwenda magharibi ni kugumu zaidi, maana pepo za huko kwa kawaida huvuma kutoka magharibi, na rubani hupigana nazo usoni njia nzima. Bibi Amelia Earhart wa Marekani alikwisha vuka peke yake mwaka 1932, lakini alitoka upande wa Amerika, upepo ukiwa nyuma yake. Mwaka huohuo Bwana Jim Mollison alikwenda magharibi peke yake, naye alianzia Ireland. Kutoka Uingereza yenyewe hapakuwa na mtu aliyefaulu peke yake.

Katika The Messenger matangi ya petroli yaliwekwa kila mahali palipowezekana. Redio haikuchukuliwa. Bwana Mollison alimwazima saa yake, na kwa rubani wa dira na saa hiyo haikuwa zawadi ndogo. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka kiwanja cha Abingdon katika hali mbaya ya hewa. Usiku kucha alikuwa katika mvua, wingu na upepo wa mbele, akiongozwa na vyombo vichache vya mbele yake, pasipo hata nuru moja chini. Tangi moja lilipokwisha injini ilizima, naye gizani akapapasa kufungua tangi jingine huku ndege ikishuka kuelekea mawimbi, mpaka injini ikaguruma tena.

Baada ya zaidi ya saa 20 aliiona nchi kavu ya Kanada. Lakini baridi ya juu ilikuwa imegandisha barafu katika matundu ya hewa ya matangi, petroli ikawa haishuki vema. Injini ikakohoa, ikafa. Akatafuta mahali pa kutua, na pale alipopaona ni uwanda palikuwa kinamasi. Magurudumu yalizama, pua ya ndege ikajichimbia matopeni, na yeye akapata jeraha la kichwa. Mahali penyewe ni Baleine, katika kisiwa cha Cape Breton. New York hakufika kwa ndege yake, lakini Atlantiki alikuwa ameivuka, mwanamke wa kwanza kutoka mashariki kwenda magharibi peke yake bila kutua, na mtu wa kwanza kufanya hivyo akianzia Uingereza. Watu wa New York walimpokea kwa shangwe. Furaha yake haikukaa. Mwezi uleule wa Septemba mwalimu wake, Bwana Campbell Black, alikufa katika kiwanja cha Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga ndege yake ikiwa chini.

Katika mdahalo wa muhula huu wasemaji wa upande mmoja walisema kwamba safari hii inathibitisha kuwa ushujaa unatosha, na vyombo ni mapambo. Mimi nasema wameisoma habari nusu. Kutoka Abingdon hadi Baleine ni zaidi ya kilomita 4,000. Wanaojua pembe watakubali kwamba kosa la digrii moja tu katika umbali huo ni karibu kilomita 70 pembeni. Ushujaa ulimfanya aondoke. Hesabu ndiyo iliyomfikisha katika nchi ya Kanada. Hata hivyo hesabu yake haikuwa na mtu wa kuisahihisha usiku ule. Hiyo ndiyo kazi ya vyombo vya redio. Rubani huuliza ardhi mahali alipo, nayo ardhi humjibu.

Chama chetu cha fizikia kilifanya jaribio dogo kiwanjani. Mwanafunzi alifungwa kitambaa machoni, akaambiwa atembee kutoka goli moja hadi la pili. Kumi walijaribu, na wengi waliishia pembeni ya uwanja. Kisha mtu akasimama katika goli la pili akigonga chuma. Wote kumi walifika. Chuma kile ndicho kituo cha redio, na masikio ndiyo chombo cha rubani.

Chombo kilicho rahisi kuliko vingine kina sindano kama ya dira, lakini sindano hii haielekei kaskazini, bali huelekea kituo cha redio kilicho chini. Rubani asiye stadi huifuata sindano tu, pua ya ndege daima juu yake. Atafika, lakini kwa njia iliyopinda kama upinde, kwa sababu upepo wa ubavu unamsukuma naye anageuka tena na tena. Rubani stadi hushika uelekeo mmoja na kuitazama sindano. Ikianza kuhamia kulia, ajua upepo unatoka kulia na umempeleka kushoto. Hugeuza pua kulia kidogo, mpaka aone sindano haihami tena. Ndege sasa inakwenda kiubavu, lakini njia yake juu ya ardhi imenyooka. Ndivyo wafanyavyo wapiga kasia wa mto Malagarasi: huelekeza mtumbwi juu kidogo ya gati ili mkondo uwafikishe penyewe. Chombo hiki kina udhaifu wake, maana radi huivuta sindano, na usiku huweza kuyumba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kilienea chombo bora zaidi, kiitwacho VOR. Fikirini mnara wenye taa mbili. Moja huzunguka taratibu, mzunguko mmoja kwa sekunde 60, kwa mwendo wa mishale ya saa. Ya pili huwaka mara moja kwa pande zote kila taa ya kwanza inapopita kaskazini. Ukiona ile ya pili ikiwaka, ukahesabu sekunde 15 ndipo mwanga wa ile ya kwanza ukakupiga, basi ni robo ya mzunguko, nawe uko mashariki ya mnara. VOR hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio, mara 30 kila sekunde moja. Hivyo kutoka kituo kimoja hutoka njia 360, kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Rubani huchagua njia moja kwa kuzungusha kifundo, na ufito mdogo mbele yake humwonyesha. Ukisimama katikati, yumo njiani. Ukihamia kushoto, njia iko kushoto, naye hugeuka kushoto, mradi ndege imeelekea upande aliouchagua. Akipata mistari ya vituo viwili, mahali inapokatana katika ramani ndipo alipo.

Chombo cha tatu hupima umbali. Ndege hutoa mlio wa redio, kituo hujibu, na chombo hupima muda uliopita, kama mtu apigaye kelele bondeni na kungoja mwangwi. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo muda wenyewe ni mdogo mno, lakini chombo huuhesabu. Tena viko vyombo vya kutulia, vyenye nyuzi mbili: moja huonyesha kama ndege iko kushoto au kulia ya mstari wa kiwanja, nyingine kama iko juu au chini ya mteremko. Mteremko wa kawaida ni digrii 3, yaani kushuka mita 50 hivi kwa kila kilomita moja ya kwenda mbele. Rubani huzishika nyuzi mbili zikutane katikati, naye hushuka ndani ya wingu mpaka taa za kiwanja zionekane.

Liko sharti moja lipitalo yote. Kila kituo hutangaza jina lake kwa alama za Morse, na rubani lazima asikilize jina hilo kabla hajaiamini sindano. Sisi nyumbani mtu akipiga hodi usiku humwuliza kwanza ni nani; humfungulii kwa kusikia sauti tu.

Kwamba inawezekana kuruka kwa vyombo pekee kulionyeshwa New York tarehe 24 Septemba 1929. Bwana James Doolittle alifunikwa asione nje kabisa, akaruka, akazunguka, akatua kwa kutazama vyombo na kufuata redio, mwenzake akikaa tayari kumsaidia. Lakini kuwa na chombo si sawa na kukijua. Bibi Amelia Earhart, aliyepita Khartoum na Massawa mwezi Juni 1937 katika safari yake ya kuizunguka dunia, aliondoka Lae tarehe 2 Julai pamoja na Bwana Fred Noonan, wakielekea kisiwa kidogo cha Howland, zaidi ya kilomita 4,000 baharini. Redio walikuwa nayo, na meli iitwayo Itasca iliwangoja kisiwani. Meli iliisikia sauti yake kwa nguvu. Yeye naye aliyasikia mawimbi ya meli, lakini hakuweza kupata uelekeo kwayo, maana mawimbi aliyoomba yatumwe hayakufaa kwa chombo chake cha kutafutia uelekeo. Wala yeye wala Bwana Noonan hawakuwa mahiri wa Morse. Hawakuonekana tena. Basi pimeni wenyewe: Bibi Markham hakuwa na redio, akafika kwa hesabu; Bibi Earhart alikuwa na redio, ikamkosa saa ya haja. Ushujaa wao ulikuwa sawa.

Baada ya safari ile Bibi Markham alikaa Marekani miaka kadhaa. Mwaka 1942 kilichapishwa kitabu cha maisha yake, West with the Night. Karibu mwaka 1950 alirudi Kenya, akashika tena kazi ya farasi, na farasi wake wakashinda mashindano makubwa ya nchi mara nyingi. Uzeeni alipata shida ya fedha, na watu walikuwa wamemsahau, mpaka kitabu chake kilipochapishwa upya mwaka 1983 na kusomwa duniani kote. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Siku hizi setilaiti humwambia rubani mahali alipo wakati wowote, na hata simu ya mkononi hufanya hivyo. Walakini marubani wanafunzi bado hufundishwa dira, saa, ramani na upepo, kwa sababu chombo huweza kuharibika, nayo hesabu iliyo kichwani haizimiki.

Wanafunzi wenzangu, mlango aliofungiwa arap Ruta hauna tena komeo la rangi ya ngozi. Komeo lililobaki ni hesabu, fizikia na jiografia, na funguo zake zimo katika madaftari yetu. Anayeona sura ya mawimbi na sura ya pembe kuwa ni za mtihani tu, akumbuke kuna mgonjwa atakayepakiwa katika ndege ndogo siku ya mvua, na uhai wake utakuwa mikononi mwa mtu aliyezisoma sura hizo vema. Ni heri mtu huyo awe mmoja wetu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne